Leo Radi Imenikuta Nimeshachomoa

Jumanne, baada ya alasiri. Mvua imeshakatika, uwanja umejaa maji, na miye nimekaa barazani na simu yangu, natabasamu peke yangu.

Nina sababu.

Mwanangu Rukia, mwalimu wa sayansi, ana redio ya kuzungumza na watu wa mbali. Si ya kusikilizia taarab. Hii yeye anasema, na mtu wa Japani anamjibu. Leseni yake nimeitundika sebuleni, kila mgeni lazima aisome. Hapa Pujini nzima, nionyesheni mwengine.

Sasa niseme la aibu. Masika iliyopita radi ilianza Rukia yuko kazini. Nikafunika vioo vyote visiite radi, kama mama yangu alivyonifundisha, na redio nayo nikaifunika kanga mbili, nikakaa nimetulia. Radi ikapita kwenye waya wa antena mpaka ndani. Kanga zilitoka salama.

Redio iliungua.

Rukia hakunigombeza. Aliponunua nyengine alisema tu, "Mama, na hii ikiungua, basi, naacha." Neno hilo nimelibeba mwaka mzima.

Akanifundisha: wingu likianza kujikusanya, chomoa umeme, fungua waya wa antena, uutoe nje dirishani. Ngurumo ikishasikika usiguse kitu, hata redio iungue.

Leo saa tano nakuna nazi, nikaona upande wa bahari umekuwa mweusi. Ngurumo bado. Nikaiacha nazi kwenye mbuzi, nikaingia ndani.

Jirani yangu Bi Time akaniona natoa waya dirishani. "Eti siku hizi weye ndo fundi wa radi?"

"Fundi na nusu. Nenda kachomoe televisheni yako."

Akacheka, akaenda zake.

Kisha ikapiga. Nyumba ilitikisika, nikasoma kila dua ninayoijua. Televisheni ya Bi Time haiwaki tena. Nimempelekea mchuzi wa samaki na sikumkumbusha neno. Naandika hapa tu.

Rukia aliporudi akaona kanga juu ya redio, uso ukamshuka. Nikamshika mkono, nikamwonyesha waya unaning'inia nje.

Akaurudisha, akawasha, akaita. Akajibiwa.

"Sasa kanga ya nini, Mama?"

"Waya ni kwa ajili ya redio. Kanga ni ya moyo wangu."

Masika bado mbichi. Wingu la kesho nalo nitalitangulia.