Lenzi za Baba na Kamera Ambayo Sijanunua

Shangazi Musimbi, nisaidie hata kama utanigombeza, maana shida hii nimejitafutia mwenyewe na sina wa kumwambia.

Mimi ni mpiga picha wa harusi na mazishi hapa Eldoret, naishi Kapsoya, na kazi hii nilifundishwa na baba yangu, Mzee Lazarus Opondo, aliyekuwa na studio mjini na shamba dogo kule Ziwa, nje ya mji, lenye mistari miwili ya mikaratusi aliyoipanda mwaka niliozaliwa, na Januari 2008, kwenye ghasia za uchaguzi, tulipokimbia nyumba ikiteketea alitoka na lenzi zake tatu tu amezifunga kwenye sweta, kamera yenyewe ikaungua pamoja na picha zote, na tangu siku hiyo anakaa Siaya, mwaka wa sita huu, hajapiga picha wala kukanyaga Eldoret. Picha anayoililia hadi leo ni ya ile miti, aliyoipiga kwa filamu ya infraredi, ile inayoshika mwanga usioonekana kwa macho, majani yakatoka meupe kama maziwa na anga ikawa nyeusi.

Lenzi alinikabidhi mimi, na mwezi uliopita akaniambia kwa simu, "Nyara, binti yangu, ukipata kamera ya digital inayokubali lenzi zangu na inayoona infrared, nitakuja tuipige ile picha tena, kabla hii mtoto wa jicho haijanimaliza." Nikafurahi hadi nikamjibu kwamba tayari nimenunua, na Shangazi, sijanunua, na anafika Ijumaa ya wiki ijayo.

Uwezo nilio nao ni wa kamera moja. Jamaa wa Nairobi ana rangefinder ya digital iliyotumika, aina ile ya kuchungulia kidirishani na kulinganisha picha mbili hadi ziwe moja, lenzi za baba zinaingia bila shida, na anasema inaona infraredi ukiweka tu kichujio cheusi mbele ya lenzi. Aliniachia niijaribu, nikaenda kupiga kwaya ya kanisa letu bila hicho kichujio, suti nyeusi zote zikatoka zambarau, na Mama Tryphosa, mwenyekiti wa kwaya, akaniuliza mbele ya watu, "Seline, hii uniform tulibadilisha lini?" Mwingine ananiuzia ndogo ya skrini, ambayo fundi ameshaitoa kile kichujio cha ndani kinachozuia infraredi, lakini lenzi zinataka adapta na naogopa baba ataiona kama kitu cha watoto. Na jirani yetu wa Ziwa, Kipkorir, aliyetufungulia ua tukapita siku ile, hupiga simu kila mara kuuliza tutaenda lini, nami humwambia asubiri, kamera bado. Ninunue ipi?

Seline Amolo, Kapsoya

Seline, barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nimekasirika kidogo. Kamera ninayoijua mimi ni ya simu, kwa hivyo nilimsomea Murunga, fundi wa kamera tangu enzi za filamu, naye alizicheka sana hizo suti. Anasema kamera ile si mbovu. Vitambaa vingi vyeusi vya viwandani hurudisha infraredi, na kichujio cha ndani cha kamera hiyo ni hafifu, basi ikaiona. Kwa miti hiyo ni faida, kwa kwaya ni aibu. Acha kutafuta kamera moja ya kazi zote mbili. Harusi endelea kuzipiga na ile uliyo nayo.

Nunua ile ndogo. Infraredi ikipita kwenye lenzi haitulii mahali pamoja na mwanga wa kawaida, kwa hivyo ukilinganisha vizuri kidirishani picha bado inaweza kutoka na ukungu, na ndiyo maana lenzi nyingi za zamani zina alama nyekundu ya kuonyesha lenzi isogezwe hadi wapi. Ile ndogo huonyesha kwenye skrini kile inachokiona, na mtu anaweza kukuza hadi alione jani. Mzee mwenye mtoto wa jicho unamtafutia kidirisha cha kuchungulia cha nini? Ila usilipe kabla ya kujaribu lenzi zote tatu, maana nyingine huacha doa jeupe katikati ya picha za infraredi, na huwezi kulijua kwa kuishika lenzi mkononi.

Sasa huo uongo. Ulidhani unampa baba zawadi, kumbe umemnyima kazi anayoijua kukushinda. Mpigie leo umwambie, "Baba, nilikudanganya, sijanunua, nataka uje tuichague pamoja." Atanuna siku mbili. Atakuja.

Na kuna jambo lingine, mwanangu. Umeniandikia kuhusu adapta, vichujio, hadi rangi ya suti, lakini hukuandika kama miti ipo. Ziwa si mbali na Kapsoya, na miaka yote hii hujaenda. Unaogopa kukuta visiki, ukajificha nyuma ya kamera. Sikucheki, hata mimi kuna barabara nilikaa muda mrefu bila kuipita. Lakini mkaratusi hata ukikatwa huchipua, na Murunga anasema infraredi haichagui mti mkubwa au mdogo, bora uwe na majani mabichi na jua liwe kali.

Kipkorir anajua kilichopo, na amekuwa akikupigia wewe, si wewe unayempigia. Muulize leo, ili baba yako asije akajua akiwa amesimama pale. Inaweza kuwa mistari miwili, inaweza kuwa machipukizi matatu. Jibu lolote atakalokupa, mwambie mnakuja Jumamosi saa nne, wewe na mzee.