Kunde za Taiwo Alizokula Imamu

Mpendwa Mama Yejide wa gazeti, naomba ushauri wako kabla mwanangu hajafika na kiberiti chake. Mimi ni mzee wa hapa Ede, shule niliishia darasa la nne mwalimu aliponichoka, kwa hiyo mwandiko ukienda kombo usiucheke, cheka mengine, yapo.

Naitwa Kehinde, nilizaliwa pacha, na unajua sisi wa nyuma ndio wakubwa, ndio tunaomtuma mwenzetu atangulie akaonje dunia kama ni tamu, basi mimi nilimtuma Taiwo, akatoka, akaonja, akalia, nikamfuata kama mjinga, na kabla hatujaota meno yeye akarudi zake bila kuniambia alichoonja. Mama yetu akamchongeshea kinyago, kama desturi yetu pacha akifa ili roho yake isikose pa kukaa, akawa anakiogesha, anakipaka unga mwekundu, anakilisha kunde, na alipozeeka akamwachia kazi hiyo mke wangu Mopelola. Hapo ndipo ucheke, maana mimi ni Mwislamu wa safu ya mbele na Mopelola alikuwa wa kanisa la kanzu nyeupe, wale wanaosali pekupeku, na bado nilikuwa namsikia nyuma ya ukuta akiimba wimbo wa kanisani huku anamsugua ndugu yangu kwa sabuni. Siku moja nikamchokoza, "Mama Gbadebo, nabii wenu akikukuta je?" Akasema, "Mtoto akichafuka haulizwi dini. Niletee maji." Leo kinyago hakina pua wala macho, mikono ya Mopelola ya kusugua ndiyo iliyovifuta.

Mopelola amefariki mwanzo wa kiangazi hiki. Siku ya nane ya msiba watu wa kanzu nyeupe waliimba asubuhi, mchana akaja Imamu Raufu kusoma dua kwa heshima yangu, nami nilikuwa nimepika kunde kwa mkono wangu, nikamwekea Taiwo kwanza kama alivyokuwa akifanya marehemu, kisha kwa akili ya msiba nikaimimina sahani ileile kwenye bakuli la wageni. Imamu akala, akasema, "Kunde hizi zina kitu," akaomba nyingine, na alipoinua macho akamwona Taiwo juu ya kabati na mawese mdomoni. Akauliza, "Kehinde, nani amekula kabla yangu?" Nikasema, "Pacha wangu, lakini hali sana." Hakucheka. Amesema nisipokiondoa kinyago, siku yangu ikifika hatanisalia. Na mwanangu Gbadebo, ambaye ni mchungaji Lagos, kanisa la vipaza sauti, anakuja Jumamosi kunichukua nikaishi kwake, akaniambia kwa simu, "Baba, utakuja, lakini hicho kitu kitachomwa uani kwanza. Ni shetani." Nikamwuliza shetani gani asiye hata na pua. Akakata simu.

Hayo ni ya mdomoni, Mama, la moyoni ni hili. Asubuhi baada ya kumzika mama yangu niliinama msikitini sala ya alfajiri, na nilipoinua kichwa nikajua kuna mtu ameketi kando yangu, simwoni, ni kama pale mtu anapokuja kwenye benchi lako nawe unajisogeza kumpa nafasi bila kugeuka, na moyo ukapoa. Miaka ikapita, Gbadebo akaugua surua akiwa mchanga, mama yake akamkimbiza kanisani kwake, nami nikasimama mlangoni nimeshika viatu, naona aibu, wakaimba, na yule mtu akaja tena, nikajisogeza tena. Sasa juzi, baada ya wageni wa siku ya nane kuondoka, nikamwogesha Taiwo mwenyewe kwa mara ya kwanza, sabuni ileile ya mama watoto, kwenye benchi la uani tulilokuwa tukikalia mimi na yeye, na akaja. Ni yuleyule, Mama Yejide, hata uzito wake kwenye benchi ni uleule. Imamu anasema mmoja tu ndiye wa kweli, mwanangu anasema mmoja tu, na mmoja wa huyu si mmoja wa yule. Kama mmoja ni mwongo, ni yupi? Na kama wote ni mimi tu najitengenezea, basi Mopelola hayupo popote, wala Taiwo. Zamani nilikuwa na wa kumtuma mbele akanionjee. Safari hii sina.

Kehinde, Ede

MAMA YEJIDE ANAJIBU

Baba Kehinde, pole kwa mkeo. Pole tena, maana barua nzima umenichekesha ili nisione unalia, na nimeona.

Kwanza nikugombeze. Kumlisha imamu makombo ya kinyago kwa bahati mbaya ni msiba, kumjibu "hali sana" ni utundu. Nenda kwake kesho, umwombe radhi bila mzaha hata mmoja. Nakujua kwa barua tu lakini najua itakuuma.

Unaniuliza yupi mwongo. Mimi ni mwanamke wa gazeti, sina mizani hiyo, ila umenipa jibu mwenyewe na hukulisikia. Umesema akija, unajisogeza. Mtu anayejitengenezea mgeni hakumbuki kumpa nafasi. Mara tatu umesogea, kwa milango mitatu, na kila mara uliinuka moyo umepoa badala ya kumchukia mtu. Ningekuwa wewe nisingemfukuza aliyeketi kwa sababu ya mlango alioingilia. Mkeo alilijua hilo, ndiyo maana aliimba wimbo wa kanisani juu ya ndugu yako na hakungoja ruhusa ya nabii.

Kinyago usikichome. Gbadebo akija Jumamosi, usianze kubishana habari za shetani, utashindwa, wachungaji hulipwa kwa kazi hiyo. Mketishe umsimulie kuhusu mlango ule wa kanisa na viatu ulivyoshika, kwa sababu nadhani hajawahi kuambiwa kuwa baba yake Mwislamu alisimama pale wakati yeye anaombewa. Kisha mpe kinyago akishike, apapase pale palipokuwa na pua, umwambie ni mikono ya nani iliyopafuta. Akiisha kujua, na bado anataka kuwasha kiberiti, arudi Lagos peke yake. Wewe baki Ede, umtafute mtoto wa ndugu akupikie.

Umeniambia Taiwo anakula nini na imamu alikula nini. Hujaniambia wewe unakula nini tangu msiba. Pika kunde leo, Baba. Mpe Taiwo zake, nawe ule zako, ukae kwenye benchi, upande uleule uliokuwa ukikalia siku zote. Ule wa Mopelola uache wazi.