Muhogo wa Gunia la Nyuma

Malaba, upande wetu wa mpaka,
siku moja baada ya soko.

Mdogo wangu Wakesho,

Kama barua hii imekukuta umesimama, vuta kigoda uketi, maana ni ndefu na goti lako nalijua. Je, bado linatangaza mvua kabla ya redio? Na mbuzi wako yule mwenye dharau, ameshazaa au bado anachagua mume? Mimi ni mzima. Meno yamebaki ya kutosha, na shati ulilonishonea lina vifungo vyote isipokuwa kile cha tumboni, ambacho kiliruka chenyewe kwa ajili ya shibe.

Shibe lazima iwepo, maana sasa mimi ndiye mwenyekiti wa soko la Malaba. Akina mama hawafungui magunia mpaka nipite. Nikikohoa, bei inashuka. Nikicheka, inashuka tena, na madereva wa Uganda wananivulia kofia.

Haya basi, si kweli. Nimeandika hivyo kwa sababu najua barua zangu husomwa na shemeji kwa sauti mbele ya majirani, nami nilitaka mistari michache ya heshima kabla hawajaenda zao. Ukweli ni kwamba bado nalinda, na kulala ndani ya, lile trela la tajiri, lile lisilo na magurudumu. Malori yaliyobeba chakula cha Rwanda yanapita mbele yangu mchana kutwa, langu halijasogea hata kidogo. Kwa hiyo kama ni kazi ya ulinzi, hakuna anayenishinda.

Sasa nikueleze habari ya soko. Hapa ukinunua kitu, muuzaji anakuongezea kidogo juu. Nyongeza. Lakini hawampi kila mtu. Dereva anayepita tu hapewi. Anapimiwa kopo lake la gorogoro, anafungiwa, anaambiwa safari njema. Nyongeza ni ya mtu wa hapa, mtu ambaye wakimkosa siku mbili wanauliza kama anaumwa. Mwaka wa kwanza sikupewa hata jani. Siku niliyopewa vitunguu viwili vya juu bila kuomba, nilirudi kwenye trela langu nikipiga mluzi kama kijana aliyekubaliwa.

Kosa langu ni kwamba nilipata akili. Nikaanza kununua vidogo vidogo ili nikusanye nyongeza. Nyanya moja hapa, nyongeza moja. Kifungu kimoja cha mboga ya mrenda pale, nyongeza. Samaki mkavu mdogo kuliko wote kwa Nabwire, yule anayeletewa samaki kutoka ziwani, Osieko, nikisimama hapo na kumsifu mpaka anaongeza wa pili ili niondoke. Nikifika nyumbani napanga mezani: nilichonunua huku, nyongeza kule. Nyongeza inashinda! Nilikula hivyo miezi mingi, Wakesho, nikanenepa.

Lakini wanawake wanaokaa mstari mmoja kutwa nzima huongea. Nabwire akamwambia Mama Akiru, yule Mteso wa Chakol anayeuza muhogo na maharagwe, kwamba mzee wa trela anajaza kikapu kwa nyongeza tupu. Mama Akiru akasema hata kwake. Wakaulizana mstari mzima. Siku ya soko iliyofuata nilipofika, kila mmoja alinipimia sawasawa, akafunga, akanitakia safari njema. Safari njema! Mimi, ambaye hata trela langu haliendi popote.

Chakula ningevumilia. Kilichoniuma ni kwamba hakuna aliyenitania. Nilinunua nyanya, nikapewa nyanya, basi. Nilikula siku hiyo peke yangu, na chakula kilikuwa na chumvi ya kutosha lakini hakikushuka.

Basi jana, siku ya soko, nikaenda kwa Mama Akiru nimevaa koti. Nikamwambia nataka kupika kimanga, chakula cha kwetu, na kwamba muhogo wa Chakol ndio pekee unaofaa. Hakutabasamu. Akanipimia maharagwe na muhogo wa mbele, ule mwembamba. Nikaomba nyongeza. Akasema hakuna. Akageuka kumhudumia mteja mwingine. Sasa nyuma yake kulikuwa na gunia limefungwa nusu, na ndani mihogo minene, myeupe, mizuri kama mapaja ya mtoto wa tajiri. Nikajiambia huyu mama anaficha mizuri, anatuuzia vijiti. Nikarudisha ile myembamba mahali pake polepole, nikachukua ya gunia la nyuma, hesabu ileile, nikaaga kwa adabu zote.

Nyumbani nikabandika maharagwe. Yalipoiva nikaweka muhogo juu yake, kama mama alivyokuwa akifanya, nikafunika. Nilikuwa na ufuta wa kusaga, huku huuita simsim, badala ya samli, na harufu, dada, harufu ilikuwa inafika mpaka forodhani. Nikaonja kipande kimoja.

Hapo ndipo niliposikia miguu. Mama Akiru huyo, kanga imelegea, jasho linamtiririka, ameacha biashara yake yote kwa Nabwire. Nikajua nimeshikwa. Nikachukua sauti yangu ya uzee.

"Karibu mama, keti kwanza."

"Umekula?"

"Kwetu mgeni hupewa maji kabla ya..."

"Mzee, nimekuuliza. Umekula?"

Nikasema nimeonja tu. Akauliza nilisikiaje. Nikamwambia uchungu kidogo, nikadhani ni sufuria. Hakungoja zaidi. Aliishika ile sufuria kwa mikono mitupu, akaenda kumwaga kila kitu nyuma ya trela, maharagwe, simsim, yote, akafukia kwa mguu. Mimi nalilia maharagwe yangu.

Kumbe muhogo wa gunia la nyuma si wa kuchemsha. Kuna aina huku ni chungu, ina sumu. Wao huimenya, huirundika chini ya majani mpaka iote ukungu, huikwangua, huianika, ndipo isagwe unga wa ugali. Ukiichemsha mbichi ukala sahani nzima, unaweza usiione kesho. Mtoto wa huku anajua hivyo kabla hajajua kufunga kaptula. Lile gunia alikuwa amelinunua apeleke kwake, halikuwa la kuuza. Alipofungua aongeze mingine akakuta imepungua, na ile myembamba imerudi imelala kwenye fungu. Hakuhitaji kuuliza ni nani.

"Mwizi mjinga hivi sijapata kumwona," akaniambia. "Wenzako huiba vitu vya kula."

Kisha akanishika mkono wa koti, akanirudisha sokoni nikiwa mbele yake kama ng'ombe wa mahari. Akaniketisha juu ya debe kati yake na Nabwire, akaamuru nisisogee mpaka waone kama nitaanguka. Wakanipa uji, wakanipa maji, kila mara mmoja ananitazama macho, mwingine ananiuliza nina vidole vingapi. Mteja mmoja Mganda aliposimama kununua akauliza, huyu mzee naye anauzwa? Mama Akiru hata hakuinua uso.

"Huyo ni nyongeza," akasema. "Ukinunua gunia zima unaenda naye."

Mstari wote ulicheka, Wakesho, mpaka Nabwire akashika mbavu. Nami nilicheka. Nilikaa pale mpaka wanafunga. Sikuanguka. Kichwa kiliniuma kidogo, lakini sikuwaambia, wasije wakanilazimisha uji mwingine.

Kukaa nao ndiko kulikonifumbua macho. Wanawake hawa wanauza chakula kutwa nzima na wao wenyewe wanatafuna kiazi baridi. Nikaanza kuwaeleza kimanga: maharagwe chini, muhogo juu, halafu unaponda vikiwa motoni mpaka visijuane. Mama Akiru akasema hicho si chakula, ni ajali. Nikamwambia ngoja uone. Tukabishana, na mwisho wakaamua hivi: siku ya soko ijayo wataleta muhogo mtamu na maharagwe wenyewe, Nabwire ataleta samaki, sufuria kubwa itatoka kanisani, nami nitapika mchana hapohapo, mbele ya macho yao. Kikiwa kitamu, nyongeza yangu inarudi na nitakula nao kila siku ya soko. Kikiwa kibaya, nitanunua kama dereva mpaka nife.

Usidhani naogopa. Mikono yangu inajua. Tatizo ni chombo. Leo nimejaribu kidogo na upawa wangu wa bati, umepinda shingo kwenye kiazi cha kwanza. Huku wana miko ya ugali, myepesi, ya kugeuzia. Ya kupondea sufuria ya mstari mzima haipo.

Nisalimie shangazi anayesinzia kanisani na kuamka wakati wa sadaka tu. Nisalimie mama mkwe wako, mwambie bado nina meno kuliko yeye. Wajukuu wako wabusu, isipokuwa yule anayeuma.

Sasa sikiliza. Mwiko wa mama, ule mzito wa mti wa mlimani, unao wewe. Umpe dereva yeyote wa saruji anayesimama Voi, umwambie ni wa mlinzi wa trela bovu Malaba, kila mtu ananijua. Ufike kabla ya siku ya soko. Na usiniambie huwezi kuachana nao, maana una deni langu. Unakumbuka siku maharagwe ya mama yalipoungua mpaka sufuria ikatoboka? Ulikuwa mlangoni unamtazama kijana mmoja aliyepita na baiskeli mara tatu bila kwenda popote. Mimi nikasema ni mimi niliyesahau kuongeza maji, nikachapwa na mwiko huohuo.

Shemeji, kohoa kidogo kisha usome mpaka mwisho, baiskeli ile ilikuwa yako. Ukimaliza, uufunge mwiko vizuri kwa gunia, wewe mwenyewe, na uupeleke barabarani.

Ni mimi kaka yako anayekusumbua,
Mwakio