Kimya Ulichokitaka

Baba Adriano,

Maharage yapo jikoni, unga wa ulezi kwenye ndoo nyeupe. Friji uliyoizima asubuhi nimeiwasha, maziwa yasiharibike. Hiyo amplifaya yako ya kujiundia sijaigusa, hata vumbi sijafuta. Najua hata ikizimwa inabaki na umeme wa kuua mtu.

Asubuhi uliniambia ninyamaze, usikie kama zile taa zake, valvu, bado zinavuma. Nikaacha kufagia, maneno nikayameza. Nilikuwa nakwambia Adriano kapiga simu: kapata kazi Kipili, anahamia hukohuko. Tumebaki wawili, mume wangu.

Nimekwenda kwa dada, kijijini Kate. ~~Narudi kesho.~~ Narudi Jumapili. Washa mashine yako usikilize vizuri. Leo hakuna wa kukuvurugia.

Mama Adriano