Sabuni kwenye Bawa la Kushoto

Beni, 3 Mei 2001

Baba mudogo Kambere,

Salamu kwako na kwa bote ba Vulamba, kule Butembo. Mugongo unaendaje? Hapa mimi, bibi yangu Kanyere na batoto betu tuko bazima, masasi ya bunduki tu ndiyo yanatukatia usingizi.

Ile ndege patron Edmond, bosi wangu, aliagiza kwa vipande mu masanduku, sasa iko na mabawa na moteri. Lakini komanda aliiona, akasema ni ya jeshi, iruke mwezi huu. Matangi ya esanse, petroli yake, nimeyapiga mwenyewe kwa bati ya alimini, moja ndani ya kila bawa. La kushoto linavuja kwa mushono, na gundi imeisha. Nitapaka sabuni, kama bashofera ba barabara ya Mbau banavyoziba matangi ya magari. Unasema nini?

Mutoto wako,
Josaphat

Butembo, 7 Mei 2001

Josaphat mutoto wangu,

Amani kwako. Mugongo unanung'unika, lakini unatii. Mama yako mudogo anauliza kama unakula.

Sabuni hapana. Ngoja nikueleze. Esanse haiyeyushi sabuni, ndiyo maana shofera anafika nayo. Lakini maji yanaiyeyusha, na mawingu ni maji. Tena bawa linatetemeka bila kupumzika, na sabuni iliyokauka inapasuka. Shofera akivuja anashuka, anatukana, anatafuta bidon ya kukingia. Wewe huko juu utashukia wapi?

Toa riveti za mushono, sugua bati mpaka ing'ae, ufunge upya. Gundi naitafuta kwa bapadri. Kisha ujaze tangi pumzi ya kinywa tu, na nje upake povu. Likitoa viputo, bado linavuja. Hapo ndipo sabuni iko na kazi.

Baba yako mudogo,
Kambere

Beni, 15 Mei 2001

Baba mudogo,

Nisamehe, salamu ni fupi. Barua yako ilikwama njiani, ikanikuta nimekwisha kupaka. Jana komanda alijaza esanse, akagonga bawa, akanisifu kwa Lingala yake. "Malamu, fundi! Hata tone halivuji! Jumapili tunaruka, na wewe utakaa nyuma yangu. Mwenye kujenga nyumba anaogopa kulala ndani?" Askari bakacheka. Phinées, mekanisiye, fundi wa jeep yao, moteri ilimufia tu mikononi, bakamuita saboteur, muharibifu wa makusudi. Hatujamuona tena. Nikisema juu ya sabuni, mimi ni Phinées. Nikinyamaza, tunaanguka. Kanyere hajui kitu. Nifanye nini?

Josaphat wako

Butembo, 17 Mei 2001

Josaphat,

Habari za afya zitangoja. Karatasi hii ndogo uichome, pamoja na barua zangu zingine. Ile kubwa umupe komanda mbele ya askari bake. Mukubwa akisha kusikia hatari mbele ya batu, ni vigumu apande bila kuangalia. Akikuuliza, usinitetee. Hiyo ni amri.

Baba yako mudogo

Butembo, 17 Mei 2001

Bwana Komanda,

Nakusalimu kwa heshima, wewe na askari wako. Mimi ni Kambere, mwalimu wa ufundi, mwenye miaka sabini na moja. Tangi la bawa la kushoto nililipiga mimi, hapa Butembo. Fundi Josaphat alilikataa. Nilimulazimisha alifunge kwa sababu mimi ni mukubwa wake, nikaficha mushono mubaya kwa sabuni bila yeye kujua. Leo linaonekana kavu. Likitetemeka angani litafunguka, na esanse itamwagika karibu na moteri ya moto. Tafadhali, ndege isiruke Jumapili.

Kesho asubuhi naondoka na bati na gundi, kwa gari, ama kwa miguu gari likikosa. Nitapiga tangi jipya mbele ya macho yako. Swali lolote juu ya lile la kwanza, uniulize mimi, si kijana.

Kambere,
baba mudogo wa Josaphat