Dakika Nzima ya Sista Josephina

Mwembesongo, Morogoro
Jumapili, baada ya misa ya kwanza

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mgongo umetulia na mvua imekuachia njegere angalau za kula. Baba naye, kile kikohozi vipi? Mwambie asikizoee. Kikipita wiki mbili ateremke apimwe, na asinijibu kwamba ni vumbi, maana mvua ya huko kwetu hailiachii vumbi hata nafasi ya kukaa. Mimi mwanao ni mzima. Nakula, nasoma, nasali, ingawa si kila siku kwa mpangilio ambao wewe ungeupenda.

Najua umeshangaa kupata barua wakati simu ipo. Mama, wewe ukipokea simu unaweka spika, na kabla sijamaliza kusalimia namsikia shangazi Joyce akiniitikia kutoka jikoni. Haya ya leo ni ya masikio yako kwanza. Nimempa Castory, anayeshusha karoti zenu sokoni, na nimemwapisha akukabidhi mkononi. Vaa miwani, kaa kwenye kigoda chako, usome mpaka mwisho kabla hujamwita mtu.

Naanza na habari njema. Kila mwaka darasa letu la udaktari humchagua mwalimu bora wa wodini, yaani yule aliyetufundisha vizuri kuliko wote pembeni ya kitanda cha mgonjwa. Karatasi ya kura huja na majina yaliyokwisha pigwa chapa, yote ya madaktari. Mwaka huu kura zilipofunguliwa, watu arobaini na mmoja kati ya sitini na watatu walikuwa wameyaruka majina yote na kuandika kwa kalamu chini kabisa: Sista Josephina. Si mtawa, Mama, usifurahi bure. Ni muuguzi wa wodi ya watoto, ana mume na watoto wanne, na kwao ni Ngerengere. Wasimamizi wakasema muuguzi hayumo kwenye orodha. Sufiani, kiongozi wa darasa letu, ambaye kwa ubishi angemchosha hata baba, akajibu kwamba basi orodha ndiyo yenye kasoro. Dokta Oscar, bingwa wa magonjwa ya watoto, jina lake ndilo lililokuwa la kwanza kwenye karatasi, lakini alisimama akasema hata yeye angempigia Sista. Wakakubali.

Ungempenda mama huyu. Ni mfupi, mnene kiasi, na viatu vyake vinasikika tangu mlango wa wodi. Tukivisikia tunafunga vifungo vya makoti. Kwake humgusi mtoto kabla hujamsalimia aliyemleta. Kama ni bibi, shikamoo kwanza, na asiposikia unarudia. Mwenzetu Innocent alianza kumpima mtoto huku amempa bibi yake mgongo. Sista akamtoa nje, akamwambia apige hodi na aingie upya kama mtu aliyelelewa. Tulicheka mpaka machozi, lakini tangu siku hiyo wote tunapiga hodi.

Kisha kuna dakika yake. Ukitaka kuhesabu pumzi za mtoto unamfunua kifua, unatulia, unaangalia kinavyopanda na kushuka kwa dakika nzima. Dakika ni ndefu, Mama, unapokuwa na watoto ishirini wa kupima kabla madaktari hawajapita. Kwa hiyo wanafunzi wengi hutupia jicho tu, wakaandika namba inayofanana na kweli. Sista anaijua tabia hiyo kuliko tunavyojijua wenyewe. Huvua saa yake yenye mshale wa sekunde, akakupa, akasimama nyuma yako kimya. Husema kifua cha mtoto hakidanganyi, kinachodanganya ni kalamu. Bwenini tulikuwa tunamwigiza mpaka sauti, na mimi ndiye niliyekuwa namwigiza vizuri kuliko wote.

Basi darasa likanichagua mimi nisome maneno ya shukrani ukumbini, kwa madai kwamba mimi ni kipenzi chake. Wanasema hivyo kwa sababu mwezi wa pili, wenzangu walipokwenda likizo, mimi nilibaki wiki tatu wodini kwake. Hata wewe nilikuambia ni mafunzo ya ziada. Nisamehe, Mama, nilikudanganya. Ilikuwa adhabu.

Januari aliletwa wodini kwetu mtoto wa mwaka mmoja na nusu, anaitwa Lucy. Mama yake anauza vitumbua hapa hapa Mwembesongo. Nilikuwa nimechelewa, na mtoto alikuwa amelala. Nikamtazama mara moja kutoka miguuni pa kitanda, nikaandika pumzi ishirini na nane, namba ya mtoto asiye na tatizo. Sikuandika thelathini, kwa sababu namba inayoishia na sifuri ingenuka uvivu. Nilichagua ishirini na nane ili ionekane imehesabiwa. Haijapita nusu saa, Sista Josephina akapita, akamfunua kifua, akahesabu hamsini na sita. Mbavu za mtoto zilikuwa zinaingia ndani. Ukaja mtungi wa oksijeni, akaja Dokta Oscar mbio, zikaanza sindano.

Mambo yalipotulia Sista aliniuliza kama nilihesabu. Nikasema ndiyo, nilihesabu. Hakubisha. Alinivulia saa yake, akaniambia nikae na mtoto yule mpaka mchana, kila robo saa nihesabu dakika nzima na kuandika. Hamsini na sita. Hamsini na nne. Hamsini na nane. Sijui kama nimewahi kukaa mahali pagumu kama kile kiti. Hesabu ya nne sikuimaliza, nilimfuata Sista stoo ya dawa nikamwambia ukweli huku nikilia kwa kwikwi. Akasema alijua, maana nilikuwa nimeiandika namba yangu kwa mwandiko mzuri mno.

Hakunigombeza. Alisema Dokta Oscar lazima aambiwe, na Mama Lucy lazima aambiwe, na kwamba kote huko hataniacha niende peke yangu. Dokta Oscar ndiye aliyenipa zile wiki tatu za adhabu. Mbele ya Mama Lucy alitangulia yeye kuomba radhi, akasema vipimo vyote vya wodi ile ni dhamana yake. Ndipo nikasema ya kwangu. Yule mama alitutazama kwa zamu, kisha akauliza kitu kimoja tu, kama mwanawe atapona. Alipona, Mama. Juzi nilimkuta kwenye baraza lao anagombana na kitumbua kikubwa kuliko uso wake, nikasimama njiani kama mjinga nikimhesabu kifua.

Ijumaa ukumbini nilikuwa na kurasa mbili za sifa. Niliposimama nikaziacha mezani, nikawasimulia wote haya niliyokuandikia, wakuu wa chuo wakiwa mstari wa mbele. Nilisema nimekuwa na walimu wengi walionifundisha ninavyoweza kuwa hodari, lakini ni mmoja aliyekaa nami siku nilipokuwa muongo mpaka nikaacha. Hakuna aliyepiga makofi mpaka Sista mwenyewe alipokuja jukwaani, akanikumbatia na kuniambia nipenge kamasi kwanza.

Baadaye, tukinywa chai, aliniuliza swali alilolihifadhi tangu Januari: kwa nini nililia vile kwa mtoto aliyepona. Nikamwambia habari za mdogo wangu Agustino. Akauliza kama mama yangu anayajua niliyomwambia. Nikasema hajui. Akasema basi bado sijamaliza kuhesabu.

Mama, sasa ndiyo naomba utulie.

Noeli iliyopita uliponituma nikutolee kitenge kwenye sanduku, niliiona kadi ya kliniki ya Agustino. Umeitunza miaka kumi na miwili. Niliisoma kwa macho ya udaktari niliofundishwa. Tarehe ni Jumatatu. Pumzi wameandika thelathini, wakampa dawa ya homa, wakawarudisha nyumbani. Jumatano akatutoka.

Mimi nilikuwepo, Mama. Nilikuwa na miaka kumi, nilitembea nyuma yako kwenye ule mteremko nimebeba kikapu, na uso wa Agustino ulikuwa umenigeukia mgongoni kwako. Naukumbuka. Mtoto anayepumua mara thelathini hapanui pua namna ile. Hakuna aliyemhesabu. Aliyeandika simjui na sina haki ya kumrushia jiwe. Huenda alikuwa peke yake na foleni mpaka nje, na kalamu yake ilifanya kile kile ilichofanya yangu. Siwezi kukuapia kwamba angepona. Lakini homa ilianza Jumapili jioni, na Jumatatu alfajiri wewe ulikuwa njiani. Bibi alisema ulichelewa, majirani wakasema ulichelewa, nawe ukaamini. Hukuchelewa, Mama. Ulimfikisha mapema. Waliochelewa ni sisi tunaoshika kalamu.

Nilikaa na neno hili tangu Noeli. Kwanza niliogopa kukitonesha kidonda. Halafu Januari nikafanya lile lile kwa mtoto wa mwenzio, nikakosa uso wa kukutazama. Sasa unajua yote mawili.

Kila tarehe mbili Novemba, tukienda makaburini kuwaombea marehemu, huwa nakusikia ukiinama na kumwomba Agustino akusamehe kwa kumchelewesha. Novemba ijayo nitakuja. Wewe mpelekee maua tu. Kuomba radhi niachie mimi.

Nisalimie baba, na umsomee mwenyewe sehemu utakazoona zinafaa. Shangazi Joyce mpe shikamoo zake, najua yuko karibu. Sista Josephina anakusalimu sana na anauliza fyulisi za huko huiva lini. Nimemwahidi kikapu bila kukuuliza. Pasaka nikipanda nitakuletea dawa ya kuchua mgongo.

Ni mimi mwanao nikupendaye,

Theresia