Mulamula Katikati ya Dalia

Jumatatu, 7 Oktoba 1974
Nimemwagilia bustani ya serikali. Nimepalilia. Nimemfukuza mbuzi wa fundi saa mara mbili, mbuzi yule yule. Ana akili kuliko mwenyewe.
Dalia zimefika magotini. Mwezi ujao zitachanua, nyekundu huku, njano kule, na watu wa Bukoba watapita wakisema "maua mazuri" kama wasemavyo "chai nzuri". Hawajui kitu. Mimi nimetunza bustani Entebbe. Nimepika kwenye meli. Nimeona Kisumu, Mwanza, na Kampala wakati Kampala ilikuwa Kampala. Ningevuka darasa la nne ningekuwa waziri. Nchi imeponea chupuchupu.
Ma Justina yuko getini, anauza kahawa zake za kutafuna. Namtania kila asubuhi, hacheki. Hajacheka tangu mwanawe Kalisti alipozama ziwani, njia ya kisiwa cha Goziba. Mtumbwi ulionekana, yeye hakuonekana. Leo nimempa mkungu wa ndizi, nikamwambia kwangu zinaoza. Uongo. Jioni nimekula viazi.

Alhamisi, 10 Oktoba
Bwana Shamba mpya amefika. Si wa huku. Viatu vinang'aa, unaweza kunyolea ndevu ndani yake. Amesimama kwenye tuta langu la dalia, akauliza, "Hii inaliwa?"
Nikamwambia wake wa Wazungu walijaribu.
Hakucheka. Huyu naye.
Amri: kilimo cha kufa na kupona. Dalia zing'olewe, yapandwe mahindi. Jumamosi ya wiki ijayo watu wa ofisi zote na maduka watakuja na majembe. Sikatai mahindi, njaa naijua kwa jina la ukoo. Nikamwonyesha uwanja wa chini, karibu na ziwa. Mkubwa, mtupu, nyasi tu. Akasema ule hauonekani barabarani, na mgeni wa mkoa atapita barabarani.
Kumbe ni mahindi ya kutazamwa! Basi na hayo ni maua. Tena maua mabaya.

Jumapili, 13 Oktoba
Misa. Sikusikiliza. Kisha Izigo kwa dada yangu, nikala hadi mkanda ukalalamika.
Nyuma ya nyumba, kwenye kibanja cha migomba, kaburi la baba. Mulamula umesimama kichwani na miguuni, majani marefu, mabichi, jua linawaka nao hauna habari. Kwetu ndio mti wa mpaka na wa kaburi. Hata mlevi haung'oi. Akiung'oa, kesho yake anatafuta wazee wamtakase kabla hajapata laana.
Nimeutazama sana. Nimekata vijiti.
Dada akauliza vya nini. Nikasema mapambo.
"Mapambo gani hayo, we Nestori?"
Nikavitia kwapani. Wanawake wa Izigo wanauliza mno.

Jumatano, 16 Oktoba
Nimeingia kazini alfajiri. Katikati ya dalia nimeinua udongo kidogo, nimeubonyeza uonekane wa zamani, nimepanga mawe, nimechomeka mulamula huku na huku. Kaburi zuri hata nikatamani kuwamo. Ufundi wa Entebbe huo.

Jumamosi, 19 Oktoba
Wamekuja. Makarani wameshika majembe kama miavuli. Mwenye bucha ndiye aliyefika kwanza kwenye tuta, mtu wa mabega, akainua jembe, akaliacha hewani. Akalishusha polepole kama linalala.
"Nani yuko hapa?"
Majembe yote chini. Bwana Shamba akapiga kelele kwamba hayo ni majani tu, yang'olewe.
"Yang'oe wewe, mheshimiwa," mwenye bucha akamwambia. "Sisi tuna watoto."
Bwana Shamba akasogea. Akanyoosha mkono. Akatazama zile nyuso, akaurudisha mfukoni. Mimi nimejifuta uso kwa kofia kama mfiwa. Nilikuwa nazuia kicheko.
Kicheko kimekatika haraka. Amesema mwenye kaburi ajitokeze kabla ya Jumamosi ya pili ya Novemba... hapana, ya kwanza, tarehe mbili. Asipojitokeza, atafukua mwenyewe. Na asipokuta mtu, dalia zitatoka na mimi nitatoka nyuma yake, nipelekwe kijiji kipya cha ujamaa nikaanze kuchimba visiki. Kwa umri huu.

Jumanne, 22 Oktoba
Sokoni wanasema ni Mjerumani. Wengine wanasema ni mtoto wa mfalme. Mwalimu wa katekisimu anasema ni padre, anatoa harufu ya ubani. Harufu hiyo ni samadi yangu. Watu wazima hawa, wengine wana saa za mkono.
Mmoja ameacha punje za kahawa juu ya kaburi. Nimezitafuna. Hazikuiva vizuri.
Mwenye kaburi nitamtoa wapi? Nimefikiri nimlipe mlevi mmoja alie. Walevi wa Bukoba hawatunzi siri.

Ijumaa, 25 Oktoba
Ma Justina ameingia ndani ya bustani. Miaka yote hajawahi kuvuka geti. Alikuwa na mzigo wa nyasi kichwani. Akazitandaza kwenye lile kaburi, vizuri, kama tunavyotandika msibani, akaketi, akanyoosha miguu.
Akauliza ni la nani. Nikasema hajulikani.
"Basi mimi nina mtu asiye na kaburi. Kalisti akae hapa."
Nimemkimbia. Mimi! Nimekwenda kukata ua wa miti ambao nilishaukata jana. Nimeukata hadi umebaki kipara.

Jumatatu, 28 Oktoba
Sijalala. Mtu anaweza kumdanganya Bwana Shamba, ni kama kumdanganya mbuzi. Mama wa Kalisti, hapana. Kazi na iende. Nimemfuata getini, nimevua kofia.
"Ma Justina, pale chini hakuna mtu. Nimelitengeneza mimi."
Alikuwa anafunga kahawa kwenye majani ya mgomba. Hakuinua macho.
"Najua, Ta Nestori. Naketi hapa kila siku tangu alfajiri. Ulinipita na vijiti kwapani."
"Sasa mbona umetandika nyasi?"
"Ulitaka nimlaze mwanangu juu ya mtu wa watu?"
Akanipa kahawa. Nimezitafuna moja moja hadi jioni.

Jumamosi, 2 Novemba
Siku ya Marehemu Wote. Ndugu za Ma Justina wamekuja kutoka Kishanda kwa miguu, wameketi kwenye nyasi katikati ya dalia zangu. Wamekanyaga mbili. Leo simfukuzi mtu.
Bwana Shamba amefika na makarani wenye majembe, naye ana jembe lake mwenyewe. Jipya, bado lina karatasi. Akauliza mwenye kaburi ni nani.
"Mimi, waitu," Ma Justina akasema kwa heshima. "Ni mwanangu Kalisti."
"Alizikwa lini?"
"Leo."
Nilisubiri afukue. Nilikuwa nimekwisha kuaga kila shina. Akatazama nyasi, akatazama ziwa, akanitazama mimi, na nadhani alielewa yote, hata kwa viatu vile. Akavua kofia. Kichwa chake kina jasho kama cha mtu yeyote. Kisha akawaambia wenye majembe washuke uwanja wa chini.
Sikumpenda. Ila nimempa maji ya kunywa.

Alhamisi, 28 Novemba
Mvua kubwa. Nimefunga dalia kwenye vijiti zisilale. Mahindi ya uwanja wa chini yametuamiwa na maji, yanageuka njano. Kesho nitayachimbia mfereji, bila kuambiwa.
Mulamula umeshika. Una jani jipya.
Dalia ya kwanza imechanua leo, nyekundu. Sijawahi kumruhusu mtu kukata ua langu, hata gavana alipoomba.
Nimempelekea Ma Justina mkasi.